Trekta likigonga tumboni, usilifunike kelele

Mpenzi msomaji, huenda unaisoma safu hii ukiwa umeketi sebuleni kwako Buruburu jijini Nairobi, au Section 58 hapa Nakuru, na unajiuliza trekta linakuhusu nini. Subiri kidogo. Unga uliosongewa ugali jana usiku ulianza safari yake shambani, na aghalabu kilichofungua ardhi hiyo ni trekta kuukuu lenye umri mkubwa kuliko dereva wake. Isitoshe, wengi wetu tulio mijini tuna mzazi, mjomba au shangazi kule mashambani ambaye hutupigia simu usiku kutuarifu kwamba trekta limekataa. Simu hiyo, kama ujuavyo, haiji bila gharama. Leo nataka nikusimulie yaliyompata mjomba wangu, na papo hapo nikueleze kazi yenyewe ilivyofanywa, ili siku simu yako itakapolia ujue la kuuliza.

Mjomba anaishi Njoro. Trekta lake ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1964 kule Coventry, Uingereza, na kuendelea hadi miaka ya 1970. Ndani yake mna injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu na nguvu za farasi 45 hivi. Ukitembea Njoro, Molo, Rongai, Bahati na Subukia bado utayaona matrekta ya namna hii yakivuta plau na trela, rangi yao nyekundu ikiwa imepauka kwa jua. Sababu ni nyepesi. Vipuri vyake havijapotea madukani, mafundi wanayajua, na hayana kompyuta ya kuyafanya yagome.

Mjomba hulima ekari zake chache, kisha huwalimia majirani kwa malipo. Fedha hizo ndizo karo ya kitinda mimba wake, binti aliye shule ya upili. Kwa hivyo trekta hilo likinyamaza mwezi wa Februari, wiki chache kabla ya mvua za masika, ujue kwamba kilichokwama si chuma peke yake.

Kelele ya kwanza

Ilikuwa Februari mwaka jana. Mjomba alikuwa akilima udongo mkavu, vumbi limemfunika mpaka kope. Inasemekana jina Nakuru lenyewe lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi, na yeyote aliyewahi kulima huku kabla ya mvua hatabisha. Basi akasikia mgongo mzito kutoka tumboni mwa injini, ko, ko, ko. Ulizidi kila plau ilipozama, na ukapungua trekta liliposimama. Mshale wa kipimo cha presha ya oili nao ukawa unashuka kila injini ilipopata moto.

Kwanza alifanya wanalofanya wengi. Aliongeza oili. Kelele ikapungua kwa siku mbili. Siku ya tatu akaja dalali mmoja akamnong'oneza, "Tia oili nzito kabisa. Kelele itatulia wiki nzima, nami nitakuletea mnunuzi kutoka mbali."

Mjomba alinikiria baadaye kwamba usiku huo hakulala. Alikuwa akipiga hesabu. Bei ya trekta zima ingelipa karo ya miaka yote iliyobaki. Asubuhi akamweleza mkewe. Mama yule hakupandisha sauti. Alimuuliza tu, "Baba watoto, na huyo atakayelinunua, yeye hana watoto?" Mjomba akamaliza chai yake kimya, akavaa kofia, akatoka kutafuta fundi.

Gereji moja mjini ilimtajia bei iliyomfanya acheke kwa uchungu. Ndipo alipomkumbuka mzee mmoja jirani, aliyetumia ujana wake wote kutengeneza matrekta katika mashamba makubwa ya ngano. Mzee akamwambia, "Mikono yangu siku hizi inatetemeka, siwezi kushika spana. Lakini macho na masikio bado ni yangu. Niletee kigoda, nitakuelekeza, wewe utafanya." Ndivyo kazi ilivyoanza. Mimi nilikwenda kuwajulia hali wikendi hiyo nikaishia kuwa mshika tochi.

Beringi ni kitu gani?

Kabla hatujaingia chini ya trekta, msomaji, tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mlipuko ndani ya silinda husukuma pistoni chini. Pistoni imeshikana na mkono wa chuma uitwao konrodi, na konrodi imeikumbatia krenki, ile shafti iliyopindapinda ambayo hugeuza mwendo wa juu na chini ukawa wa kuzunguka. Mahali konrodi inapoikumbatia krenki pana beringi. Mahali krenki inapolala ndani ya injini pia pana beringi, nazo mafundi huziita meni. Injini ya mjomba ina konrodi tatu na meni nne.

Usifikirie beringi zenye gololi kama za gurudumu la baiskeli. Hizi ni vipande viwili vyembamba vya nusu duara, kama ganda la mua lililopasuliwa. Mgongo wake ni wa feleji na upande wa ndani umepakwa madini laini. Ulaini huo ni wa makusudi. Tangu mwaka wa 1839, Mmarekani Isaac Babbitt alipopata hataza ya beringi zilizopakwa mchanganyiko wa bati na madini mengine, mafundi wamejua faida yake. Uchafu mdogo ukiingia, humezwa na madini laini badala ya kuikwaruza shafti. Tena kitu kikichakaa, huchakaa kile cha bei nafuu ili krenki ya bei ghali ipone.

Ajabu ni kwamba injini ikiwa nzima, beringi na krenki karibu hazigusani. Mwaka wa 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za reli. Akatoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Shafti ilipozunguka, oili ikapanda kupitia tundu hilo na kumwagika nje. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa kikatoka! Kumbe mle ndani oili ilikuwa imejijengea presha kubwa. Mwaka wa 1886 Osborne Reynolds akaeleza kihesabu kilichokuwa kikitendeka. Shafti inapozunguka huiburuta oili hadi penye nafasi nyembamba, nayo oili hugeuka kabari inayoinua mzigo wote.

Kwa hivyo siri yote imo katika nafasi ile. Kwa kukadiria, mafundi huhesabu elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo cha shafti. Kwa krenki kama ya mjomba, yenye shingo za inchi mbili na kitu, ni takriban unene wa unywele mmoja wa kichwa chako. Nafasi ikizidi, oili hutoroka pembeni, presha hushuka, chuma hukutana na chuma, nawe unasikia ko, ko, ko. Oili nzito hukawia kutoroka, ndiyo maana huficha kelele. Ugonjwa wenyewe hubaki palepale.

Kuhakikisha ugonjwa

Mzee hakukubali trekta lifunguliwe siku ile ile. "Usimpasue mgonjwa kabla hujajua panapouma," alisema. Injini ikawashwa, ikanguruma polepole. Mjomba akailegeza kwa spana nati ya paipu ya dizeli inayoingia kwenye nozeli ya silinda ya kwanza, ili silinda hiyo ikose mafuta. Kelele haikubadilika. Akaikaza, akaenda kwa ya pili. Papo hapo ko, ko ikafifia. Silinda ikikosa mlipuko, konrodi yake haisukumwi kwa nguvu, na beringi iliyolegea hunyamaza. Konrodi namba mbili ilikuwa imejitaja yenyewe.

Ukifanya hivi, msomaji, funika nati kwa kitambaa kinene na usiweke kidole karibu. Dizeli inayotoka kwa presha ya nozeli inaweza kupenya ngozi, na jeraha hilo dogo la kuonekana ni la kukimbiziwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha wakapasua filta kuukuu ya oili na kuikunjua juani. Katikati ya weusi mkaonekana chembechembe za kumetameta. Hapo mzee akatoa amri moja tu: injini isiwashwe tena, hata kwa kulisogeza chini ya mti. Beringi iliyolegea ikiendelea kugongwa huweza kuanza kuzunguka na shafti, na mwisho wake ni konrodi kukatika na kutoboa ubavu wa injini. Hapo utakuwa huna beringi ya kubadilisha bali injini ya kununua. Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kufungua

Trekta la namna hii halina fremu kama lori. Injini, giaboksi na ekseli zimeunganishwa, nazo ndizo mfupa wa mgongo. Kwa hivyo usilegeze bolti kubwa yoyote kabla ya kujua inabeba nini. Mjomba alilisukuma trekta hadi mahali pa sakafu ngumu, akazuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi mbele na nyuma, akalikalisha juu ya vihimili vya chuma chini ya sehemu inayobeba uzito. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Katika nchi hii tumezika watu wengi walioiamini jeki.

Betri ikatolewa waya. Nozeli zikatolewa pia, ili krenki izungushwe kwa mkono bila kupambana na upepo uliobanwa, na ili injini isije ikawaka kwa bahati mbaya mtu akiwa na vidole ndani. Oili ikamwagwa, lakini si chini. Ilikingwa kwa mtungi na kurudishwa kwa wanaokusanya oili chafu. Mto Njoro humwaga maji yake Ziwa Nakuru, na unachomwaga nyuma ya ghala lako leo, heroe watakunywa kesho.

Bakuli la oili lililo chini, ambalo mafundi huliita sampu, likateremshwa na watu wawili kwa sababu ni zito. Ndani, matumbo ya injini yakawa wazi.

Sasa sikiliza kanuni ya mzee: fungua konrodi moja kwa moja, usizifungue zote. Kila konrodi ina kofia yake chini, na kofia hiyo ilichongwa ikiwa imefungwa kwenye konrodi hiyo hiyo. Ukiichanganya na ya jirani au ukiigeuza mbele nyuma, duara halitakuwa duara tena. Mara nyingi namba huwa zimegongwa ubavuni. Kama hazipo, zitie wewe kabla ya kulegeza chochote. Bolti zinazobaki zikichomoza huvishwa vipande vya mpira ili zisikwaruze krenki unapoisukuma konrodi juu.

Mjomba alitaka kupita dukani kununua beringi kabla ya kufungua. Mzee alimkataza, na sababu ikaonekana mara kofia ya pili ilipotoka. Nyuma ya beringi huwa pameandikwa saizi. Ya krenki ambayo haijawahi kusagwa huandikwa STD. Krenki ikisagwa ikapungua, hutiwa beringi nene zaidi: 010, 020 au 030, yaani pungufu kwa elfu kumi, ishirini au thelathini za inchi. Zile za mjomba zilikuwa 020. Mwenye trekta wa zamani alikuwa ameshaisaga krenki bila kumwambia mtu. Laiti beringi zingenunuliwa mapema, fedha zingepotea bure.

Beringi yenyewe ilisomeka kama barua. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imeisha na wekundu wa shaba umetokeza. Juu yake palikuwa na mistari ya kuzunguka, alama ya mchanga uliopita ndani ya oili. "Huyu hakuuawa na uzee," mzee akasema. "Ameuawa na vumbi. Mtatafuta lilikoingilia."

Binti na maikromita

Binti wa mjomba alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Alikuwa ametuletea chai, akamwona baba yake ameishika maikromita ya kuazima kama mtu aliyeshika nyoka. Akasema, "Baba, hii tumeisoma katika somo la fizikia. Nipe nisome."

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, muikumbuke siku hiyo mwalimu akiandika skrubu ya maikromita ubaoni nanyi mkisinzia. Binti alifuta shingo ya krenki kwa kitambaa safi, akahakikisha kifaa kinasoma sifuri kikifungwa, kisha akapima. Alipima mara moja kwa wima, mara moja kwa upana, na tena upande wa pili wa shingo. Alifanya hivyo kwa konrodi zote tatu na kuandika katika daftari lake la hesabu. Shingo ya kwanza na ya tatu zilikuwa duara safi. Ya pili ilikuwa imekuwa yai. Kipimo cha wima na cha upana havikulingana, na mzee alipoufungua ukurasa wa kitabu cha injini, tofauti ilikuwa imepita kiwango kinachoruhusiwa. Tena ukipitisha ukucha juu yake, ukucha ulinasa kwenye mikwaruzo.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani halisi. Kazi ya kubadilisha beringi za konrodi pekee ni ya siku moja au mbili, krenki ikiwa mahali pake. Kuisaga krenki ni kuitoa nje, na kuitoa nje ni kulitenganisha trekta vipande viwili. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya Mau. Majirani wanne walikuwa wameshatoa arubuni za kulimiwa.

Mjomba akasema, "Tutie beringi mpya za 020 twende. Zitashika msimu huu." Fundi mmoja wa jua kali aliyekuwa amesimama pale akaongeza kwamba ukitia kipande cha karatasi ya bati nyuma ya beringi, italingana. Mzee akatikisa kichwa. Kipande hicho huzuia joto lisitoke kwenye beringi, huweza kuziba tundu la oili, na hulifanya duara libane upande mmoja na kulegea upande mwingine. Beringi ya duara haiwezi kukaa vyema juu ya shingo ya yai hata ukiibembeleza.

Mjomba akamtazama binti yake, labda akitumaini atapata wa kumuunga mkono. Binti akamwonyesha daftari. "Baba, kitabu kimekataa."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Karo ilikuwa ya huyo huyo binti. Mwishowe akasema, "Basi leteni mnyororo wa kuinulia."

Trekta vipande viwili

Trekta likatenganishwa. Kwa asiyezoea, kuliona limekatwa kiunoni, nusu hapa na nusu kule, ni jambo la kutisha. Jirani mmoja alipita, akashika kichwa na kwenda kuomba arubuni yake irudishwe. Mwingine akamfuata. Mjomba akawarudishia bila ugomvi.

Kila bolti iliwekwa ndani ya mkebe wenye jina lake. Kabla ya kofia za meni kutolewa, zilitiwa namba na mshale wa kuonyesha mbele. Zile washa za nusu duara zinazozuia krenki isicheze mbele na nyuma zilichorwa daftarini, upande gani umetazama wapi. Krenki ikapelekwa Nakuru mjini kwa pikapu, imeviringishwa magunia. Ilisagwa shingo zote tatu za konrodi kwa saizi moja, 030. Shingo za meni zilipopimwa zilikuwa bado ndani ya kiwango, kwa hivyo zikahitaji beringi mpya tu za saizi ile ile.

Hapa ndipo ninapotaka kukuambia ukweli, msomaji. Kufanya kazi mwenyewe si kufanya kila kitu mwenyewe. Kusaga krenki ni kazi ya mashine na mtu aliyeizoea, na hakuna shujaa wa msasa nyuma ya nyumba. Kazi yako ni kupima, kusafisha, kufunga kwa uangalifu, na kujua mahali mikono yako inapofikia mwisho.

Kurudisha

Krenki iliporudi, jambo la kwanza lilikuwa kuiosha. Vijitundu vya oili ndani yake hubaki na unga wa jiwe la kusagia, na unga huo ungezila beringi mpya kwa saa chache. Viliswakiwa kwa brashi nyembamba na mafuta ya taa, vikapulizwa hewa, vikaswakiwa tena. Meza ikatandikwa karatasi safi, mifugo ikafukuzwa, na mkewe mjomba akapiga marufuku kufagia ua siku hiyo.

Beringi ina ulimi mdogo unaoingia kwenye kijishimo cha konrodi au kofia. Mgongo wake na mahali inapokalia lazima pawe pakavu na safi, bila oili wala chembe. Uso wake wa ndani ndio hupakwa oili. Kipande chenye tundu hulingana na tundu la oili. Kabla ya kupaka oili, hata hivyo, mzee alitaka uthibitisho. Alitoa kijiuzi cha nta kinachouzwa kwa kazi hiyo. Hukatwa kipande, hulazwa juu ya shingo kavu, kofia hufungwa kwa nguvu kamili bila kuizungusha krenki, kisha hufunguliwa. Nta huwa imebanwa ikatanuka, na upana wake hulinganishwa na kipimo kilichochapishwa kwenye pakiti. Ikitanuka sana nafasi ni ndogo, ikibaki nyembamba nafasi ni kubwa. Binti akasoma zote tatu. Zote zilikubali.

Kukaza nako kuna adabu yake. Mjomba amezoea kukaza mpaka mishipa ya shingo itoke, lakini kwa kazi hii waliazima spana inayoonyesha nguvu ya kukaza, na nguvu yenyewe ikatoka kitabuni, si kwa kukisia. Bolti zilikazwa kwa awamu, huku na huku, na nati ambazo kitabu kinasema zisirudiwe zikanunuliwa mpya. Kila kofia ilipofungwa, krenki ilizungushwa kwa mkono. Ikigoma, simama, fungua, tafuta kosa. Usiseme italegea yenyewe ikiwaka, kwa sababu haitalegea, itaungua.

Huku hayo yakiendelea, mimi nilitumwa kutafuta mlango wa vumbi. Sikwenda mbali. Bakuli la kichujio cha hewa, ambalo hutakiwa kuwa na oili safi ya kunasa vumbi, lilikuwa limejaa tope gumu, na mpira wa kupitisha hewa ulikuwa na ufa ungeweza kuingiza kidole. Vumbi linalopita hapo hukwangua silinda, kisha huishia katika oili. Mpira mpya uligharimu kidogo sana kuliko kitu chochote tulichonunua wiki hiyo. Laiti ungebadilishwa mapema!

Siku ya kuwasha, filta mpya ilijazwa oili kabla ya kufungwa. Kizimio cha injini kikavutwa ili isiwake, stata ikazungusha kwa vipindi vifupi mpaka mshale wa presha ukainuka. Ndipo ikaruhusiwa kuwaka. Sote tulinyamaza. Mzee akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya ubavu wa injini na mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari. Kisha akasema neno moja tu, "Imelala."

Hesabu ya mwisho

Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameshaanguka. Kati ya majirani wanne, wawili walikuwa wameajiri trekta jingine, na fedha zao msimu huo hazikurudi. Mjomba aliuza ndama ili kuijazia karo. Sikufichi hilo, kwa maana sitaki ufikiri kwamba kufanya haki hakuna bei. Lakini trekta lililima ekari za wale wawili waliongoja, likalima na zake, na mpaka leo ninapoandika halijagonga tena. Kwa saa za kwanza hakulipa mzigo mzito, na oili ya kwanza aliimwaga mapema ili itoke na uchafu wa kuzoeana. Sasa oili hubadilishwa kwa saa zilizoandikwa kitabuni, si kwa misimu, na bakuli la hewa huoshwa kila siku penye vumbi jingi. Binti ndiye mwenye daftari.

Kuna jambo jingine. Kwa krenki hiyo, 030 ndiyo saizi ya mwisho katika orodha ya beringi zake. Ikiharibika tena hakuna pa kusaga, ni kununua nyingine. Mjomba analijua hilo. Ameliandika kwa chaki ndani ya mlango wa ghala, saizi na tarehe, ili yeyote atakayelirithi trekta, au kulinunua, asikute barua nyuma ya beringi kama aliyoikuta yeye.

Basi msomaji, ukipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba trekta linagonga, usianze kwa kuuliza oili nzito inauzwa wapi. Uliza presha inasomaje, kelele inafifia silinda gani ikikatwa, na nyuma ya beringi pameandikwa nini. Kisha, kama una kijana nyumbani anayejua kusoma maikromita, mtume.

Hadi Jumapili ijayo, tukijaliwa, kwaheri.